Namna ya kuchagua sakiti ya kujaribia gari jipya kwenye michezo ya mbio

Swali hili linanifikia karibu kila juma hapa Lubumbashi. Kijana ameshinda gari jipya kwenye Gran Turismo, mchezo wa mbio wa PlayStation, au amelinunua kwa pesa za mchezo alizozikusanya kwa jasho, kisha anauliza: "Yaya, nilipeleke wapi nilijue?" Mwingine anataka kujua kwa nini gari alilosifiwa linamtupa nje kila kona. Mwingine tena anashangaa leo amekuwa mzito kwa sekunde nne kuliko jana, na gari ni lile lile. Wote nawajibu hivi: chagua sakiti moja, yaani njia moja ya mbio ya kuzunguka, ijue mpaka isikushangaze tena, halafu kila gari jipya lipite hapo kwanza kabla ya kwenda popote.

Sababu yake ni fupi. Ukiendesha gari usilolijua kwenye njia usiyoijua, ukitoka nje hutajua kama kosa ni la gari, la njia au la mikono yako. Sakiti ya majaribio ni kama jiwe la mizani sokoni: likibadilika kila siku, hutajua umebeba unga kiasi gani. Nadharia inaishia hapo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Mchezo wowote wa mbio unaokuruhusu kukimbia peke yako bila wapinzani na kukuonyesha muda wa kila mzunguko. Usidhani lazima uwe na mashine mpya. PlayStation 2 yenye Gran Turismo 4 ya mwaka 2004 inatosha kabisa: haiombi intaneti, na ndani yake kuna Tsukuba, Suzuka, Laguna Seca, Trial Mountain na hata Nürburgring Nordschleife nzima. Gran Turismo 7 ya mwaka 2022 ina hisia nzuri zaidi ya gari, lakini sehemu yake kubwa haifunguki bila intaneti, kwa hiyo hesabu mega zako kabla hujaanza. Kwenye kompyuta, Assetto Corsa ya mwaka 2014 inacheza bila intaneti na inafaa sana kwa kazi hii.

Gari la kipimo. Hili ni gari moja la kawaida utakalolitumia kuijua sakiti, na ambalo hutaligusa tena kwa kulipamba wala kuliongezea nguvu. Chukua dogo na tulivu: Mazda MX-5, Toyota 86, au kwenye Gran Turismo 4 hata Toyota Vitz, gari ambalo sisi wa Lubumbashi tunalijua vizuri kabla ya kushika manete, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea.

Manete nzima. Kwenye vyumba vya michezo vya mitaa ya Kenya na Katuba hapa Lubumbashi, kijiti cha kushoto ndicho hufa kwanza, kwa sababu vijana wa michezo ya mpira hawakihurumii. Kabla hujalipa nusu saa yako, kishike na ukiachie: kikirudi katikati chenyewe, kaa. Kikibaki kimelala upande, omba manete nyingine.

Daftari na biki. Wengi wanaipuuza, kisha wanarudi kuuliza swali lile lile.

Hatua ya 1: Amua unataka kujua nini juu ya gari

Mtu anayetafuta gari la mbio fupi za magari madogo hahitaji sakiti sawa na anayejaribu gari la mbio za saa nyingi. Andika juu ya ukurasa: ninajaribu magari ya aina gani zaidi? Kama ni magari ya barabarani yenye nguvu ya kati, sakiti fupi inakufaa. Kama ni magari makali ya mashindano, itakubidi njia ndefu na pana zaidi.

Hatua ya 2: Kagua sakiti kama ina mambo matano

Zunguka polepole mzunguko mmoja ukitafuta haya:

- Mahali pa kufunga breki kwa nguvu kutoka kwenye mwendo mkali.
- Kona ya taratibu sana, ya gia ya pili, inayofuatwa na njia iliyonyooka. Hapa utaona jinsi gari linavyotoka.
- Kona ndefu ya kasi, ambayo unaishikilia kwa sekunde kadhaa bila kugusa breki.
- Kona mbili au tatu zinazopishana kushoto na kulia haraka, ili uone gari linavyohamisha uzito wake.
- Mlima, mteremko, au ukingo wa rangi unaolirusha gari kidogo.

Sakiti yenye manne kati ya haya ni nzuri. Yenye mawili, iache, hata kama mandhari yake yanavutia kiasi gani. Njia ya duara tupu haifai kabisa hapa: itakuonyesha gari linafika kilometa ngapi kwa saa, na zaidi ya hapo haitakwambia kitu.

Hatua ya 3: Angalia urefu wake na muda wako

Hili wanalisahau hata wazoefu. Mzunguko mzuri wa majaribio huchukua kati ya dakika moja na mbili. Fanya hesabu ya nusu saa. Tsukuba ina kilometa 2.045, na gari la kawaida huimaliza kwa dakika moja na kidogo: ndani ya nusu saa utazunguka zaidi ya mara ishirini. Nürburgring Nordschleife ina kilometa 20.832, na gari lile lile litakuchukua dakika nane, tisa au hata kumi: nusu saa ni mizunguko mitatu, kama umeme haujakatika katikati ya wa tatu. Ukikosea kona moja Tsukuba, unairudia baada ya dakika. Ukikosea Nordschleife, unaingoja kona hiyo mpaka umesahau ulikosea vipi.

Hatua ya 4: Chagua mojawapo ya hizi, au inayofanana nayo

*Tsukuba, Japani.* Kwangu mimi hii ndiyo ya kwanza kwa magari ya barabarani, na hata huko Japani imetumika miaka mingi kulinganishia muda wa magari. Ni fupi na nyembamba, na haina pa kuficha kosa. Kona yake ya pili ya kugeuka nyuma, ile inayokupeleka kwenye njia ndefu ya nyuma, ni mwalimu kamili. Ingia kwa gia ya pili, ngoja pua igeuke, halafu anza kukanyaga mafuta mapema kidogo kuliko unavyopaswa. Gari linalovutwa na tairi za mbele litaanza kulia tairi la ndani, na pua itateleza taratibu kuelekea ukingo wa nje huku umekata usukani mpaka mwisho. Linalosukumwa na tairi za nyuma litaanza kutoa mkia, na kidole chako kitapaswa kurudi nyuma kidogo kabla macho hayajaona. Linalotumia tairi zote nne litaondoka tu. Kona moja, sekunde tatu, na tayari umejua gari lina tabia gani. Kisha ile ya mwisho, ndefu ya kulia, inakuonyesha kama gari linatulia kwenye kasi au linakwenda likijitikisa. Upungufu wake ni kwamba Tsukuba ni tambarare karibu yote. Haitakuonyesha gari linavyopanda wala kushuka.

*Laguna Seca, California.* Kilometa 3.602, na ina mlima. Watu wote wanaijua kwa Corkscrew, mahali ambapo njia inapanda, inapotea machoni, kisha inaanguka kushoto na kulia, mita 18 hivi chini. Gari lenye springi laini litapoteza uzito wa mbele pale juu, na utakata usukani bila kujibiwa kwa muda mfupi. Gari zuri litakufuata. Lakini usidanganyike na Corkscrew peke yake: kona ya 2, ya kushoto yenye kugeuka mara mbili, na kona ya 11 ya taratibu kabla ya njia ya kuanzia, ndizo zinazokupa ukweli wa breki na wa kutoka.

*Suzuka, Japani.* Kilometa 5.807. Ilijengwa mwaka 1962 na Honda kwa ajili ya kujaribia magari yao, kwa hiyo kazi tunayoizungumzia hapa ndiyo ilikuwa kazi yake tangu mwanzo. Zile kona za S za mwanzo, zinazopanda huku zikipishana, ndizo kipimo bora ninachokijua cha gari linalohamisha uzito: ukikosea ya kwanza kidogo, ya tatu inakudai deni lote. Ni sakiti ya magari makali zaidi. Kama mchezo wako unaitoa sehemu ya mashariki peke yake, ichukue. Ni fupi na S zote zimo.

*Trial Mountain.* Hii haipo duniani. Wameitunga waliotengeneza Gran Turismo, na imekuwapo tangu mchezo wa kwanza wa mwaka 1997. Mimi naipenda kwa milima yake na kingo zake zinazolirusha gari. Angalizo: Trial Mountain ya Gran Turismo 7 imebadilishwa, kwa hiyo muda wa Gran Turismo 4 usiulinganishe nayo hata kidogo.

Kwenye Assetto Corsa, Magione ya Italia, yenye urefu wa kilometa mbili na nusu hivi, inafanya kazi ya Tsukuba. Mwenye Forza Motorsport ya mwaka 2023 au Assetto Corsa Competizione anaweza kuchukua Kyalami ya Afrika Kusini, kilometa 4.522 za kupanda na kushuka. Nafurahi kila ninapoiona kwenye orodha: ni njia ya bara letu, magari ya Formula 1 yalishindana hapo mpaka mwaka 1993, na malori yanayotoka kwetu kupitia mpaka wa Kasumbalesa hushuka hadi Johannesburg karibu yake.

Spa na Nordschleife usizitupe. Ziweke kwa Hatua ya 9.

Hatua ya 5: Funga masharti

Kuanzia sasa, kila gari litajaribiwa katika hali ile ile. Andika masharti yako kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari na usiyaguse:

- Mchana, barabara kavu, hakuna mvua wala wapinzani.
- Tairi za barabarani kwa magari ya barabarani: zile zenye herufi N kwenye Gran Turismo 4, au CH, CM na CS kwenye Gran Turismo 7. Chagua moja na ubaki nayo.
- Misaada ile ile. Mimi naacha ABS (inayozuia tairi kujifunga ukishika breki), nazima TCS (inayozuia tairi kuteleza ukikanyaga mafuta) na ASM (inayolituliza gari kwenye kona).
- Gari kama lilivyotoka dukani, bila vipuri vya ziada.
- Kamera moja.

Hilo la kamera lina jambo ndani yake. Kwenye Gran Turismo 5 na zilizofuata unaweza kukaa ndani ya gari, na magari mengi ya Kijapani yana usukani kulia, mengi ya Ulaya kushoto. Kwetu ambako magari ya usukani wa kulia yamejaa barabarani hatuoni ajabu, lakini jicho lako litakuwa limehama upande, na kona za kulia zitaonekana tofauti. Tumia kamera ya mbele, bila kuona usukani, ili kila gari ulione kutoka mahali pamoja.

Hatua ya 6: Ijue sakiti kwa gari la kipimo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanapokimbia.

Zima mstari wa rangi unaoonyesha pa kupita. Ukiuacha, utaujua mstari na njia hutaijua. Kisha tafuta alama za kufungia breki: vibao vya mita, kivuli cha daraja, mwanzo wa ukingo wa rangi, bango la tangazo. Kila kona ipewe alama moja isiyosogea. Usitumie moshi wala gari lingine.

Zunguka mpaka upate mizunguko mitano mfululizo isiyopishana zaidi ya nusu sekunde. Huo mmoja mkali uliokutokea jana jioni hauhesabiki. Tuseme unapata 1:14.3, 1:14.5, 1:14.2, 1:14.6, 1:14.4. Hapo sakiti ni yako. Ukipata 1:13.6, kisha 1:15.9, kisha 1:14.1, bado. Hata kama ule wa kwanza umekufurahisha, rudi ukazunguke.

Angalizo: usiruke hatua hii kwa sababu umeicheza sakiti hiyo miaka mingi. Kuicheza na marafiki huku mkisukumana si sawa na kuijua. Nimewaona vijana wanaoshinda kila mtu kwenye chumba, lakini ukiwaondolea wapinzani na kuwahesabia muda, hawarudii muda wao mara mbili.

Hatua ya 7: Leta gari jipya

Mizunguko miwili ya kwanza, nenda taratibu. Funga breki mapema kuliko alama zako na sikiliza: injini inaanza kuvuta ikiwa bado inazunguka taratibu au mpaka izunguke kwa kasi? Gia ni ndefu au fupi? Kwenye kona ya taratibu unahitaji ya pili au ya tatu?

Mizunguko mitatu inayofuata, tumia alama zile zile za gari la kipimo. Gari likipitiliza, sogeza alama nyuma na uandike umeisogeza kiasi gani. Likisimama mapema, isogeze mbele. Mwisho wa mizunguko hii utakuwa na picha ya breki.

Halafu kimbia mitano kwa nguvu zako zote. Chukua muda wa katikati, si ule bora. Muda bora unakuambia gari linaweza nini siku ya bahati. Muda wa katikati unakuambia litakupa nini kwenye mbio.

Kama mchezo wako una gari kivuli, lile linalorudia mzunguko uliokwisha kuukimbia, weka la gari la kipimo na ulifuate. Usiangalie mwisho ni nani amefika kwanza. Angalia wapi linakuacha na wapi unaliacha. Gari jipya linaloshinda kwenye njia iliyonyooka na kupoteza kwenye kila kona litakufaa Monza, sakiti ya Italia yenye njia ndefu zilizonyooka, na litakuaibisha Tsukuba.

Hatua ya 8: Andika mara moja

Mistari minne inatosha: breki, kuingia kona, kutoka kona, muda wa katikati. Andika kwa maneno yako mwenyewe: "pua nzito", "mkia unatoka gia ya pili", "breki ndefu". Usingoje kesho.

Ukitaka kulitengeneza gari, badilisha kitu kimoja, zunguka mitano, andika. Kijana anayebadilisha springi, tairi na gia kwa pamoja, kisha gari likaharibika, hana njia ya kujua kilichoharibu.

Hatua ya 9: Lihamishe kwenye sakiti ya pili

Gari likikuridhisha nyumbani kwako, lipeleke mahali penye kile ambacho sakiti yako haina. Kama yako ni Tsukuba, na mchezo wako una Spa ya Ubelgiji, kilometa 7.004, lipeleke huko ukaone linavyopanda kona ya Raidillon kwa kasi. Kwa kujua mwendo wa juu kabisa, Gran Turismo 4 ina Test Course, na Gran Turismo 7 ina Special Stage Route X. Nordschleife iwe mtihani wa mwisho, siku yenye umeme na utulivu.

Mambo yakikwama

*Muda wangu unatawanyika hata kwa gari la kipimo.* Tafuta kona moja inayokupotezea, usiirekebishe sakiti nzima. Karibu kila mara ni ile ya kufunga breki kwa nguvu, na alama yako iko mbali mno au hujaichagua.

*Gari la kipimo linazidi kuwa na kasi kila siku.* Bado unajifunza njia. Usijaribu gari jipya mpaka muda wa gari la kipimo uache kupungua.

*Magari yote nayahisi sawa.* Angalia misaada. TCS na ASM zikiwa juu, mchezo unakuendeshea na tofauti zote zinalainishwa. Kama zimezimwa na bado hali ni hiyo, sakiti yako ni tambarare na ya kasi mno. Tafuta yenye kona ya gia ya pili.

*Nafunga breki kwenye alama lakini gari linachelewa kunisikia.* Inawezekana ni televisheni. Nyingi za bapa huchelewesha picha, kwa hiyo tafuta kwenye mipangilio hali ya michezo na uiwashe. Televisheni za zamani zenye mgongo hazina shida hiyo, na kwa PlayStation 2 mimi bado nazipenda zaidi. Ukihama chumba na televisheni ikabadilika, kimbia mizunguko mitano ya gari la kipimo kwanza, ndipo ulete gari jipya.

*Umeme umekatika kabla sijahifadhi.* Kilichoandikwa daftarini hakipotei. Ndiyo maana unaandika baada ya kila mizunguko mitano, mashine ikiwa bado inawaka.

*Gari jipya lina nguvu mno, haliingii kwenye sakiti yangu.* Hilo hutokea kwa magari ya mashindano kwenye njia fupi: hufiki hata gia ya tano. Anzisha sakiti ya pili ya majaribio kwa ajili yao, Suzuka kwa mfano, na gari lake la kipimo, na ukurasa wake mwingine. Muda wa ukurasa mmoja usiulinganishe na wa mwingine.

*Nimehamia mchezo mwingine na sakiti ni ile ile kwa jina.* Anza Hatua ya 6 upya. Tsukuba ya Gran Turismo 4 na ya Gran Turismo 7 zina kona zile zile, lakini tairi, breki na uzito wa gari vimehesabiwa tofauti. Daftari la zamani litakusaidia kukumbuka alama tu. Muda wote uandike tena kuanzia gari la kipimo.